Jotham Wekoye na Chambo cha Mpira

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo, mwaka huu wa 1968, tunamkumbuka Jotham Wekoye, mvuvi wa Mto Nzoia, aliyefariki wiki iliyopita nyumbani kwake karibu na Kitale. Jotham Wekoye, aliyevua kambare kwa mpira wa baiskeli. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mpira wa baiskeli.

Alizaliwa upande wa Chwele. Mwaka wa 1931 alikuwa akifanya kazi kwa Daud, fundi wa baiskeli mjini Kitale. Jioni alishuka mtoni kuvua. Kaa na visamaki wakawamaliza nyungunyungu wake wa chambo kabla kambare mkubwa hajafika. Basi akafikiri. Akachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nyekundu, akaikata mfano wa nyungunyungu, akaupasua mkia, akaichemsha katika mafuta ya samaki mpaka ikalegea. Kaa hakuitaka.

“Hata kambare hakuitaka!” anakumbuka Mzee Daud akicheka. “Msimu mzima! Nikamwambia, Jotham, bana, samaki si baiskeli. Utamtia mpira wapi?”

Wakati huo Jotham alikuwa amemwoa Nasambu, binti wa Kimilili. Habari zikawafikia wakwe: mkwe wenu anavua kwa mpira, kila jioni anarudi mikono mitupu. Ukoo ukakaa, ukaamua. Binti yetu hatumwachi kwa mwendawazimu. Mama yake, Nakhungu, akatumwa kumrudisha.

Nasambu akamwomba mama yake, “Usiniondoe leo. Nenda kwanza umtazame akivua.”

Sasa, wasikilizaji, mnajua mila ya Wabukusu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawagusani. Hawasemezani. Nakhungu akajificha kwenye matete, akichungulia kwa pembe ya jicho.

Jotham alimwona. Alijua kilichomleta. Msimu mzima alikuwa akiuvuta mpira wake mbiombio. Leo, kwa heshima ya mama mkwe, mkono ulimwia mzito. Hakuthubutu kujitingisha. Mpira ukazama hadi kwenye tope. Ukalala pale, mkia ukitetemeka kidogo tu.

Kambare akaumeza.

Samaki aliuvuta mshipi kwa nguvu, Jotham akateleza, maji yakamfika kifuani. Nakhungu akaruka kutoka mafichoni, akampa mgongo.

“Enyi matete!” alipaza sauti. “Mwambieni huyo mwanamume asiachie!”

“Matete,” Jotham akajibu, “mwambieni mama samaki ananipeleka!”

Nakhungu akavua leso ya mabegani, akairusha nyuma bila kugeuka. Jotham akaishika kwa mkono mmoja. Mama akavuta kama ng'ombe wa plau, uso kaelekeza mlimani. Mkwe akatoka, na samaki akatoka, kambare aliyemfika Nasambu kiunoni!

Kule Kimilili wazee wakabishana. Je, hao wamegusana? Leso ni mkono, au leso ni nguo? Mwisho wakasema Jotham alipe fidia ya mila: samaki yuleyule. Wakamla wakamsifu. Jotham hakuonja hata mkia.

“Wakala mpaka wakalamba vidole,” anasema Mama Nasambu, mjane wake Jotham. “Halafu nikamuuliza mama, tunaondoka saa ngapi? Akasema, mimi ninaondoka kesho. Wewe unaenda wapi, na una mume?”

Ndoa hiyo ilidumu mpaka wiki iliyopita. Kwa miaka yote hiyo, wavuvi kutoka Cheptais na Bungoma walimjia Jotham, naye akawakatia chambo, akawaambia neno moja tu: polepole.

Tunawapa pole Mama Nasambu, watoto, wajukuu na wote waliokula samaki wake. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Yuko jirani tunayemcheka leo, kwa sababu tumesikia habari zake tu. Kabla hatujamhukumu, tushuke mtoni, tukae kimya, tumtazame akifanya kazi yake. Na akiteleza, tumrushie leso.