Kiti cha Mkoba

Tramu ilikuwa ikipanda kilima cha Degerloch, na barabara nzima imemwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Traudl, ambaye maishani hakuwahi kumiliki zaidi ya baiskeli, alikuwa amewategea sikio mzee na mama mmoja wa makamo waliokaa mbele yake. Walibishana kama mtu na mkewe, ingawa walikuwa wamekutana kituo kilichopita.

"Benzi yangu ya mwaka themanini na tatu haikanyagi chumvi ikaliwa na kutu, ng'o!" alisema mzee. "Lakini ile ndiyo gari, mama. Wanangu watatu walilala kiti cha nyuma mpaka Italia."

"Wangu wanne walitapika kwenye kiti cha nyuma kama hicho. Ndiyo maana sasa nina ya wazi, viti viwili. Hakuna wa kuniomba lifti."

"Mbona basi uko kwenye tramu?"

"Namba ya gari langu ni ya miezi ya jua tu, hairuhusiwi barabarani kabla ya Aprili. Nilipie kodi ya miezi ya theluji kwa gari la kushusha paa?"

Magari mawili ya fahari yamelala gereji, Traudl aliwaza, na wenyewe wanabanana hapa na mimi.

"Yangu ina viti vitano," mzee akasema taratibu, "na siku hizi niko peke yangu. Kwenye kiti chako cha pili anakaa nani?"

"Mkoba wangu."

Mzee akainuka, kituo chake kimefika. Mlango ukafunguka.

"Bwana wee," mama akamwita. "Aprili mosi nashusha paa. Mkoba utaupakata wewe."

Mlango ukajifunga, mzee bado yumo ndani.

"Tutakwenda na yangu, mkoba upate kiti chake," akasema, akakaa tena.