Tarehe Sita ya Bi Virve Kangur

Baada ya miaka thelathini na minane katika Chumba cha Barua cha Kituo cha Nyota cha Tähemäe, Bi Virve Kangur anastaafu rasmi leo, tarehe 6 Machi 2015. Najua kalenda ya ukutani inasema leo ni Jumamosi, tarehe 7. Sijakosea. Jimiminieni kahawa, nitaeleza.

Aliajiriwa mwaka 1977 kupanga barua za Profesa Ludolf Harnisch, yule ambaye sanamu yake tunaipita mlangoni kila asubuhi. Alipewa miezi sita. Hakuna aliyemwambia kwamba barua zenyewe ni elfu tisa, wala kwamba mwandiko wa profesa ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Chumba kile hakipashwi moto kupita nyuzi kumi na nne, kwa ajili ya karatasi. Bi Virve alikaa humo na buti zake za sufu, akigombana na marehemu kwa sauti: “Ludolf, acha uvivu, malizia neno!” Mimi, Endel Põldma, mshona vitabu wa kituo, mwanzoni nilidhani ana mgeni. Siku moja niliingia na mkate mweusi wenye samaki mkononi. Alinitoa nje nikaumalizie kwenye theluji, bila koti, na nilistahili.

Juzuu tatu za barua hizo zimetoka mikononi mwake, na wasomi wa nchi nyingi wanazitumia. Lakini tusidanganyane. Bi Virve tunamuaga kwa shangwe hii kwa sababu ya juzuu ya nne, na kwa sababu ya mwalimu mmoja wa kijijini.

Mwaka 1859 mwalimu Mihkel Toomingas wa Sooküla alimwandikia profesa kwamba ameona nyota yenye mkia alfajiri ya tarehe 6 Machi, siku nane kabla ya mtu mwingine yeyote. Profesa hakumjibu yeye. Aliwaandikia wakuu wa shule: “Usiku huo theluji ilianguka hadi kukucha. Mwalimu anayeona nyota kupitia theluji asiachiwe watoto.” Toomingas akafukuzwa kazi, akafa akiwa mchimba mboji kinamasini. Nyumba yake inaitwa Kwa Mwongo mpaka leo, na hata dereva wa basi hukitangaza kituo cha pale kwa jina hilo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa inakaribia miaka mia moja na hamsini, na Bi Virve akaona haiwezekani. Akafungua daftari la hali ya hewa la kituo hiki hiki. Theluji ilianguka kweli, lakini usiku uliofuata.

Kosa lilikuwa la profesa. Wanafalaki wa zamani walianza siku saa sita mchana, ili usiku mzima ukae ndani ya tarehe moja. Kwao, alfajiri ya tarehe 6 ni ile ambayo sisi wengine tunaiita ya tarehe 7. Mwalimu alihesabu kama mkulima, profesa akamsoma kama mwanafalaki, na hakujisumbua kumuuliza.

Bi Virve aliandika maelezo hayo chini ya barua, mistari minne tu. Kamati ya uchapishaji ikaifuta yote na kuweka maneno matatu: “Taarifa ya uongo.” Akairudisha. Wakaifuta tena. Mchezo huo ulikwenda miaka kumi na mmoja. Mkurugenzi wetu, Bwana Tarmo Rebane, alimbembeleza mbele yangu: “Bi Virve, Harnisch ndiye heshima ya kituo. Tutarekebisha katika toleo la pili.”

“Toleo la pili litanikuta kaburini, Tarmo, na wewe utakuwa waziri.”

Aime, kitukuu wa mwalimu, analima viazi pale Sooküla. Alikuja mara moja na kapu la matufaha, akakaa ukingoni mwa kiti. “Dada, mimi sitaki sanamu,” alisema. “Nataka dereva anyamaze.” Tangu siku ile Bi Virve hakurudi nyuma hata hatua moja.

Wiki hii kurasa za mwisho zilitoka kwa mpiga chapa Jumatatu, zikalala mezani kwa mkurugenzi hadi jana saa kumi na moja jioni, ofisi zikifungwa, ndipo Bi Virve akaletewa. Kila mtu alijua hesabu. Ruhusa ya Bi Virve kutia saini ilikuwa inakwisha tarehe 6. Ikipita, kamati ingesaini yenyewe, na Toomingas angebaki mwongo kitabuni. Nilikasirika nikapiga meza. Yeye alikunywa kahawa yake, akaaga, akaenda zake.

Leo saa tatu asubuhi alirudi na ufunguo wake. Alirudisha mistari yake minne, akasaini, akaandika tarehe 6 Machi, akampa mpiga chapa kurasa mkononi. Bwana Rebane alikuja mbio, kofia upande. “Jana ndiyo ilikuwa sita! Leo ni saba!”

Bi Virve alimfungulia kanuni za kamati yenyewe, za mwaka 1991, kifungu cha tatu: kila tarehe katika kazi ya barua hizi itahesabiwa kwa siku ya wanafalaki, kama alivyofanya Profesa Harnisch. “Ni sheria yenu, mwanangu. Sita inakwisha saa sita mchana. Nina saa tatu za ziada, unataka kahawa?”

Mkurugenzi alisoma kifungu mara mbili. Akaketi. Kahawa akainywa. Mashine zilianza kunguruma saa nne na nusu, na kama kuna mjumbe wa kamati ana neno, mimi nipo karakanani na nyundo yangu.

Bi Virve, asante kwa ukaidi wako. Umetufundisha kwamba hata maiti ana haki ya kuulizwa. Tunakuombea uzee wa raha, miguu yenye joto, na majirani wenye mwandiko safi. Sasa saa inagonga sita, tarehe yako imekwisha, na Aime anakusubiri mlangoni mkale viazi kwake. Basi linaondoka saa saba. Dereva akikuuliza unashuka wapi, mwambie kwa sauti, basi zima lisikie: Kwa Mwalimu.