Waliofungwa Msimu Mzima

Ndugu zangu, niruhusuni niongee nikiwa nimesimama. Nimezoea kukaa karibu na mlango.

Mnacheka, lakini mnanijua. Tangu nitoke Tanga baada ya sekondari nimeishi Mombasa, Muscat, Leicester. Hapa Birmingham pekee nimehama Kingstanding, nikahama Longbridge, sasa niko Bordesley Green. Mambo yakiharibika nafunga begi. Na kila ninakofika naikumbuka Tanga mpaka kifua kinauma.

Mwaka jana mama alifariki, nikashindwa kwenda kumzika. Ndugu zangu, nawaambia, nilizimika. Niliacha kula vizuri, nikaacha kupokea simu zenu, nikaacha kuja hapa kwenye mikutano yetu. Ikabaki kazi tu, usafi kwenye chuo kimoja cha zamani. Siku moja nikaenda kazini na begi. Nilipanga nikimaliza zamu nipande basi la Glasgow, ambako simjui mtu. Nilitaka nipotee.

Kwenye korido ya chuo kuna picha mbili za timu yao ya mpira, za zaidi ya miaka mia iliyopita. Nilikuwa nazifuta vumbi bila kuziangalia. Siku hiyo nikasoma maelezo. Moja ilipigwa msimu ukianza, nyingine ukiisha. Katikati hapo hawakushinda wala kutoka sare hata mechi moja.

Nikalinganisha sura. Walewale, wote kumi na mmoja! Kwenye ile ya mwisho mmoja kaning'iniza mkono kwenye kitambaa, mwingine jicho limevimba, jezi zao nzito zimejaa tope. Na golikipa, ambaye kwenye picha ya kwanza kakunja uso, kwenye ya pili anacheka. Mtu kafungwa msimu mzima, anacheka!

Mwenzangu wa kazi, Mkongo, akaja na ndoo.

"Kaka, unaangalia nini? Hawa batu balikufa zamani."

"Walifungwa mechi zote."

"Zote? Basi ni kama timu yenu ya Tanga!"

"Lakini hakuna aliyeondoka. Tazama."

Akaweka ndoo chini, akatazama. Kisha akaliona begi.

"Na wewe unaenda wapi?"

Nilimlilia mama yangu palepale, kilio nilichokuwa nimekizuia miezi yote. Yule bwana akachukua simu yangu, akapiga namba ya mwisho iliyonitafuta bila kujibiwa. Aliyepokea yumo humu ndani. Hakuuliza maswali, alisema tu, "Mwambie asitoke hapo, nakuja."

Asante sana, kaka. Asante dada uliyeleta supu ukakaa mpaka nikamaliza bakuli. Asanteni mliomsomea mama khitma, na nyinyi Wakristo mliokuja mkakaa nasi kimya.

Sijapona kabisa. Zipo asubuhi nafungwa goli kabla sijatoka kitandani. Lakini sasa napokea simu. Ninachowaomba ni hiki: ukifungwa, fungwa ukiwa na wenzako.