Samaki Ndani ya Leso: Tunamuaga Baba Donat

Jumamosi hii, tarehe 31 Mei 1958, Bwana Donat Mwepu, muuguzi wa wodi ya wanawake, atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi hospitalini kwetu. Aliingia mwaka 1927, kijana kutoka Pweto, akapewa kazi ya kuchemsha sindano. Anatoka na mvi, miwani, na mwendo uleule wa polepole uliotuudhi sisi wote wenye haraka.

Wagonjwa wengi, homa ikiwashuka alfajiri, husimulia kwamba wameota mzee amesimama miguuni pa kitanda, ukungu ukipita dirishani nyuma yake. Hawakuota. Baba Donat hutembea hivyo, bila kishindo, na hata sisi tulizoea kumkuta mgongoni akiangalia tulichokosea.

Tena ana kopo lake. Kila asubuhi huja na samaki wakavu wa kwao, waliopikwa kwa pilipili, na kila mgonjwa anayeruhusiwa kula hupata kipande. Anayekula, husema, yuko njiani kwenda nyumbani. Madaktari wanne walijaribu kulikataza kopo hilo. Wote wamekwisha kurudi Ulaya, na kopo bado lipo.

Oktoba iliyopita, mijakaranda imejaa maua, zilifika chupa ndogo za dawa mpya, ya manjano kama chai nyepesi. Daktari alitueleza kwamba inaua saratani, na kwa kipimo kidogo inatuliza mwili unaojishambulia wenyewe, kama wa Rigobert fundi cherehani, ambaye vidole vilimvimba hata akashindwa kushika mkasi. Lakini ni dawa kali. Vidonda vikitokea kinywani, alisema, ujue mwili umeshindwa kuibeba.

Wa kwanza kuchomwa alikuwa Wivine, mama wa watoto wawili kutoka Katuba. Mimba iliharibika, ikaacha saratani tumboni, nayo ikapanda hadi mapafuni. Karatasi ya daktari ilisema sindano tano, siku tano. Kisha daktari akasafiri kwenda Kasomeno.

Siku tatu Wivine alikula samaki wake na kuomba pilipili zaidi. Siku ya nne, alipoambiwa na Baba Donat aonyeshe kinywa, alifungua mdomo kidogo tu, akaufunga.

"Kinywa iko muzuri, Baba. Piga tu sindano."

Mimi nilikuwa nimeshika bomba la sindano, limejaa tayari. Baba Donat hakulipokea. Alinusa, akainua mto, akatoa leso. Ndani yake mlikuwa na kipande cha samaki ambacho hakijaguswa.

Wivine alipokubali kufungua kinywa sawasawa, mashavu kwa ndani yalikuwa yamejaa vidonda vyeupe. Alilia sana. Na nani kwetu asiyemwelewa? Sindano ndiyo dawa yenyewe. Ukinyimwa sindano, umeambiwa ukafie nyumbani.

"Mukinikatalia, njo mumenitupa," alisema. "Batoto yangu bataikala na nani?"

Msimamizi wa wodi alikuja mbio. Muuguzi habadilishi karatasi ya daktari, alisema, na Donat akikaidi, atafukuzwa. Alikuwa amebakiza miezi saba tu. Ninakiri hapa mbele ya wote kwamba nilimsihi achome yaishe, na nilimkasirikia alipokataa. Aliliweka bomba kwenye sinia, akalifunika kwa kitambaa, akaketi karibu na kitanda.

"Mama, sindano haikukimbia," alimwambia Wivine. "Inangojea kinywa yako ipone."

Siku mbili alikuja kazini bila kujua kama bado ana kazi. Daktari aliporudi, alitazama kinywa, akapima damu. Kisha akasema kwamba sindano ya nne ingemuua. Tangu siku ile, kila karatasi ya dawa ya manjano ina mstari mmoja juu: "Baada ya Donat kuona kinywa."

Vidonda vilipona. Dawa ikaendelea, ikapumzishwa, ikaendelea tena, na mwezi Machi picha ya mapafu ya Wivine ilitoka safi. Rigobert naye anashona, na koti atakalovaa mstaafu wetu ni kazi ya vidole vyake.

Baba Donat, asante kwa mwendo wako wa polepole. Nenda salama Pweto, upate usingizi mtamu kando ya ziwa, na tunakutakia maisha marefu yasiyo na harufu ya spiriti. Kopo lako tunaomba utuachie.

Wivine ameahidi kuja Jumamosi na watoto wake wawili, na bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa pilipili. Amesema atakula mbele ya watu wote. Tunajua kwamba kabla ya kumsalimu, utamwambia afungue kinywa, na safari hii atakifungua chote.

Gérard, muuguzi msaidizi, wodi ya wanawake