Mzee Shitanda na Boti Aliyokataa Kushuka

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Cynthia, kifungua mimba wa marehemu, na ndimi niliyeombwa na mama yangu kuwasomea maisha ya baba, kwa sababu ile historia iliyoandikwa na baba zangu wadogo inamtaja mama mahali pamoja tu, na mahali hapo inasema alimtupa mumewe baharini, kwa hivyo hiyo nimeiacha nyumbani.

Mzee Jairo Shitanda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 hapa Turbo, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, kisha mwaka 1973 akaingia Eldoret kujifunza kutengeneza injini za malori, kazi aliyoifanya kwa bidii na kwa matusi, maana wengi mlioketi hapa mlitukanwa naye, na hamjasahau. Tarehe 6 Desemba 1980 alimuoa Seline Nakhumicha, wakakaa Huruma, Eldoret, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Vincent na marehemu Ikra, aliyepewa jina la jirani yetu mwema.

Mwaka 2016 alihamia Mtwapa kutengeneza injini za maboti, na alipostaafu mwaka 2021 mwenye boti moja kuukuu alimwachia, akaifufua, akamwita mama, wakaanza kuishi ndani yake, wakipita kandokando ya pwani na kulala kwenye magati wanakoegesha maboti ya watalii. Maisha hayo hayakuwa ya raha. Mtwapa baba aligombana na askari wa geti hadi wakanyimwa maji ya bomba, Kilifi akagombana na Mzungu wa boti ya jirani juu ya kamba, na kila mahali mama ndiye aliyebaki nyuma akiomba radhi kwa watu asiowajua.

Tarehe 9 Januari mwaka huu, wakiwa wanafunga boti Watamu, mama alikosea fundo, boti ikagonga gati, na baba akapaza sauti mbele ya watu wote, "Wewe humu ndani ni mzigo tu!" Mama alichukua kikapu chake na leso, akashuka, akapanda basi hadi Mombasa na lingine hadi Eldoret, na alipofika Huruma, baba zangu wadogo walimjia wakiwa wamekasirika, wasimpe hata pole ya safari, wakamuuliza mwanamke gani anamwacha mume majini.

Baba aliendelea peke yake hadi Lamu. Mwezi wa pili nahodha mmoja wa huko, Bwana Omar, alitupigia simu kwamba mzee amevimba miguu, sukari imepanda, hali chakula, na amekataa kutoka kwenye boti. Wenye hasira wote walikaa kikao, wakanywa chai, wakaamua aende yule yule aliyemwacha. Mama alienda. Alimkuta amelala chini amejisaidia, na neno la kwanza la baba lilikuwa, "Umekuja kufanya nini?" Mama alimwosha, akampeleka hospitali na kumuuguza hadi daktari akamruhusu arudi nyumbani, ila baba akaapa kwamba hapandi ndege wala gari, akitoka Lamu atatoka na boti yake.

Mama akamwambia, "Basi nitaendesha mimi, na wewe utakaa pale nilipokuwa nakaa mimi."

Bwana Omar alifuatana nao, akamfundisha mama njia ya maji na namna ya kukwepa mawimbi, na baba alimtukana mama kutoka Kipini hadi Ngomeni, kila alipogeuza usukani, kila alipopunguza moto wa injini, naye mama akaendelea kuendesha. Walipoingia Watamu, kwenye gati lile lile, mlinzi aliuliza nahodha ni nani ili amwonyeshe mahali pa kufunga, akamtazama Omar, kisha baba. Baba alimwonyesha mama kwa kidole, akasema, "Muulize huyo. Mimi ni abiria." Hakuongeza kitu, hakuomba msamaha, wala mama hakumdai, lakini kutoka hapo hadi Kilifi, alikoshuka na kupandishwa ambulensi, hakumtukana tena.

Figo zilimshinda, akafariki Eldoret tarehe 2 Juni, mama akiwa amemshika mguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lamu na Eldoret, Bwana Omar aliyesafiri hadi huku kwenye baridi, mafundi wenzake, na majirani wa Huruma waliotupikia wiki nzima. Baba zangu wadogo nawashukuru kwa hema.

Nimesikia mmepanga mama akae nyuma, na asitie udongo kaburini. Mama atatia udongo wa kwanza, na asiyeridhika anikabili mimi, si yeye.

Baba, umefika. Pumzika kwa amani, na utuachie mama.