Wageni Walionisindikiza Mpaka Kitandani

Asalaam aleikum, jamani. Ndugu zangu, nnakutazameni hapa nyote mmekaa vitini, mkeka umetandikwa pale na hapana hata mmoja aliyeukalia, basi moyo wangu umetulia. Nimefika kwa wenzangu wenye magoti mabovu. Mniwie radhi, mie ntasema nkiwa nimesimama. Hakuna aliyenilazimisha, ila nlikaa muda mrefu bila ya kuweza, na sasa nkipata watu wa kunitazama hunijia ufakhari kidogo.

Kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua. Wenye kuijua kazi hii wanajua kuwa hufanywa chini. Unakaa mkekani, mguu mmoja umeukunja na umeukalia, bi harusi kakunyooshea wake, na hapo hunyanyuki mpaka ua la mwisho. Nimeifanya tangu usichana wangu. Goti la kulia likaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, mie nkawa nacheka nalo. Nkalikanda maji ya moto, nkalisugua mafuta ya karafuu, nkalifunga jani la mbarika lililopashwa motoni. Kila mwanamke wa mji huu ana dawa yake ya goti, na nawaambieni, hakuna niliyoiacha.

Siku iliyonilaza ilikuwa siku ya harusi, nyumba moja hapa hapa Mji Mkongwe. Nshamaliza kumpaka bi harusi mikono na miguu, wanawake wakapiga vigelegele, nami nkataka kunyanyuka. Goti likagoma. Nliinuka nusu, likakwama, nkaanguka nyuma. Bi harusi akaninyooshea mkono anishike, mamake akapiga ukelele, "We! Hina mbichi hiyo!" Basi tukabaki wawili mkekani tunatazamana, yeye mikono juu, mie miguu juu, na hapana anayeweza kumnyanyua mwenziwe. Nlicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nkalia kweli. Siku ile bi harusi alingoja, nkabebwa mie kwanza.

Nkapelekwa hospitali, nkatiwa kwenye mashine ya kupiga picha, na mwisho nkavuka bahari kwenda kwa daktari wa mifupa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akanambia pale mifupa inapokutana pana kitu cheupe, laini, kinachoteleza, kinaitwa gegedu. Mnalijua, ni lile mnalolitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Langu lilikuwa limelika mpaka limetoboka, mfupa unasagana na mfupa. Akasema atalisafisha, kisha atautoboa mfupa vitundu vidogo vidogo itoke damu, na juu ya damu ile paote gegedu jipya.

"Likiota, utatembea," akanambia. "Lakini ni mche mchanga huo. Usikanyagie mguu huu mpaka nkupe ruhusa. Liking'oka, la pili siwezi kukuahidi."

Nkachomwa nusu kaputi, nkafanyiwa, nkarudi Unguja na magongo mawili. Sasa mnazijua ngazi za nyumba zetu za Mji Mkongwe, nyembamba na zimesimama wima. Mie nnakaa ghorofa ya pili na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Watu walinitia kwenye kiti wakanipandisha, na wifi nyuma anawaambia, "Taratibu, na mkimwangusha mwangusheni kwangu, mie mnene." Ndivyo alivyo wifi yangu.

Na mama yangu yuko Fumba, kule kijijini, si kwenye zile nyumba mpya zinazojengwa huko. Ni mtu mzima sana. Yeye ngazi zetu hawezi kuzipanda, na mie siwezi kuzishuka. Kila asubuhi hunipigia simu, ananiuliza hali, kisha anauliza, "Utakuja lini?" Namwambia, "Karibu, mama, inshaallah." Ndugu zangu, nkikata simu nlikuwa nalia. Sikuogopa kuitwa kiwete. Nlichokiogopa ni mama kufa Fumba na mie nimekaa ghorofani.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu sie watu wa hapa. Wageni wakaja kunijulia hali. Mashaallah, walikuja! Wengine na uji, wengine na mikate ya kumimina, wengine na dawa zile zile za goti. Mgeni anakaa, anaongea, anaaga. Na mgeni akiaga, mwenye nyumba hufanyaje? Humsindikiza. Nlilelewa hivyo, na nyinyi mlilelewa hivyo. Daktari alinikataza kukanyaga, lakini hakunambia mgeni nimwachie mlango autafute mwenyewe. Basi kila anayeaga, nashika magongo yangu, naruka ruka na mguu mmoja mpaka kwenye kichwa cha ngazi, nasema, "Ahsante kwa kuja, nisalimie nyumbani." Wifi akinigombeza, namwambia, "Mie hapo mlangoni tu."

Siku moja akaja mkwe wangu kutoka Tunguu, mama wa mume wa binti yangu. Mkwe, jamani! Amevaa baibui jipya, kaja na halua, kasema maneno matamu. Alipoaga, nkaona kichwa cha ngazi hakimtoshi mkwe. Nkashuka kidato kimoja, nkashuka cha pili. Gongo likateleza kwenye ukingo wa ngazi, na mguu ule ule ukatua chini kwa uzito wangu wote.

Mkwe alinidaka kwa baibui lake jipya. Nlipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Jioni goti lilikuwa limevimba, siwezi hata kuligusa kwa kanga. Wifi akampigia simu daktari, nkamsikia anajibu tu, "Naam. Naam, daktari. Ndiyo, kwenye ngazi." Alipokata hakunitania, nkajua ni makubwa. Daktari alisema tungoje uvimbe ushuke, kisha nipigwe picha tena. Pengine limeshika, pengine limeng'oka.

Asubuhi mama akapiga. "Utakuja lini?" Siku hiyo nlishindwa kusema inshaallah. Nkampa simu wifi.

Sijui walizungumza nini wawili wale. Nnachojua ni kwamba wifi alishuka, akakaa barazani mbele ya mlango wetu, na kila aliyekuja kunijulia hali akapewa sharti kabla ya kupanda. "Kwetu humu mgeni hasindikizwi siku hizi. Mgeni ndiye anayemsindikiza mgonjwa. Ukitaka kuaga, mpeleke kitandani, umlaze, umtilie mto chini ya mguu, umfunike, kisha ndiyo uende zako."

Nlighadhibika! Nkamwambia, "Wifi, unanifanya mtoto." Akanambia, "Mtoto angesikia." Nliona haya, wallahi. Mie mtu mzima, mwenye nyumba yangu, nalazwa na jirani kama nimekojoa kitandani. Nliona wamenivua heshima yangu yote, na kilichobaki ni goti.

Kisha mkwe akarudi. Nlimsikia anapanda, nkatamani kujificha. Alikaa, tukazungumza habari za wajukuu, hakutaja ngazi wala baibui. Ulipofika wakati wa kuaga akasimama, akanipa magongo, akaniwekea mkono mgongoni, tukaenda polepole mpaka chumbani. Akanilaza. Akaupanga mto chini ya mguu mara mbili mpaka aliporidhika. Akanifunika kanga, akakunja mikono, akasimama mlangoni kwa adabu zote.

"Mkwe," akanambia, "nipe ruhusa nende."

Ndugu zangu, hapo ndipo nlipovunjika, na hapo ndipo nlipopona. Mkwe wangu alinifanya mimi ndiye mwenye nyumba, naye ndiye anayeomba njia. Nlilia, nkacheka, nkamwambia, "Nenda, mkwe, Mungu akufikishe salama." Na sikunyanyuka. Tangu siku ile sikumnyanyukia mtu. Alikuja hata mwalimu wangu wa chuoni aliyenifundisha Kurani, nkamwamkia "Shikamoo" nkiwa nimelala chali, akanijibu "Marahaba, mwanangu," na mbingu hazikuanguka.

Uvimbe ukashuka. Nkashushwa kwa kiti kile kile, nkavuka bahari, nkapigwa picha tena. Daktari aliitazama, wifi anasoma dua kwa sauti ambayo nadhani aliisikia hata aliyekuwa nje. Kisha yule mtu wa maneno machache akatabasamu. "Limeshika," akasema. "Sijui ulifanya nini, lakini endelea."

Nkamwambia, "Nlilazwa na wageni." Hakuelewa. Wifi alikuwa keshamkumbatia.

Ulipowadia wakati wa kukanyaga, mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mpole mwenye mikono ya chuma, akanianzisha na mizani ya nyumbani. Unaweka mguu juu, unaukandamiza mpaka sindano ifike pale anapotaka yeye, basi, usizidishe. Kila wiki sindano inasogezwa. Halafu gongo moja likaondoka. Halafu ngazi. Akanifundisha kuwa mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Wageni nao hawakuacha. Kila aliyekuja alitembea nami ukumbini, kwenda na kurudi, tunasengenya huku tunahesabu. Nawaambieni kweli, hakuna dawa ya goti inayofanya kazi kama habari ya watu ikisimuliwa mkiwa mnatembea!

Siku nliyotoka mlango wa chini kwa miguu yangu, wifi alipiga vigelegele peke yake mpaka mitaa ya jirani ikamjibu. Watu wakatoka mabarazani. Muuza samaki mwenye vespa alizima pikipiki yake katikati ya kichochoro, akanipisha, nyuma yake watu wanampigia honi naye anawaambia, "Ngojeni, mama anapita!" Nlipita, ndugu zangu. Taratibu, na kwa maringo.

Nkenda Fumba. Gari hufika barabarani tu, kutoka hapo ni njia ya mawe ya kutembea. Wifi alitaka kunishika, nkamwambia aniache. Nkapiga hodi kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni, kajifunga kanga mbili, kanitazama tangu nlipotokeza. Nkataka kumwinamia nimshike mkono, akanizuia.

"Usikae," akanambia. "Rudi mpaka pale penye mnazi, uje tena. Nikuone."

Nkarudi mpaka kwenye mnazi. Nkaja. "Tena," akasema. Nkenda tena, nkaja tena. Jasho linanitoka. Nkamwambia, "Mama, nshachoka." Hakunisikia. Alikuwa ameanza kupiga makofi polepole, na sauti imekuwa nyembamba, sauti nliyoisahau, ile tunayowaimbia watoto wanapojifunza kusimama. "Dede," anasema. "Dede, mwanangu. Simama dede."

Mie bibi wa wajukuu, nlitembea uani kwa mama yangu, nalia kwa furaha, naye ananipigia makofi mpaka nkafika kifuani kwake.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwanza. Namshukuru daktari na yule mama wa mazoezi. Namshukuru wifi yangu, na leo namsamehe yale ya "mtoto angesikia." Nawashukuru wageni wangu wote, na mkwe wangu zaidi ya wote, aliyeniomba ruhusa mlangoni.

Na nyinyi mlio katikati ya safari hii, neno langu ni moja. Ukiambiwa kaa, kaa, uwaachie watu wakufanyie. Haya itakushika, nami ilinishika. Ivumilie kama unavyovumilia mazoezi, maana nayo ni sehemu ya dawa.

Basi, mie nshasema yangu. Sasa asimame mwengine, hata kama kwa magongo, hata kama nusu. Sie wote hapa tutampigia makofi. Haya, nani? Wewe dada wa nyuma? Njoo, mpenzi wangu. Taratibu. Dede.