Bi. Ratidzo Nyamhunga na Malisho ya Shimo la Kusini

Jarida hili halijatoka tangu mvua za mwaka juzi, na kwa hilo tunawaomba wasomaji radhi. Limerudi kwa sababu Bi. Ratidzo Nyamhunga, Mpangaji Mkuu wa machimbo yetu ya mawe meusi hapa Mutoko, anastaafu tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na haifai aondoke kimyakimya.

Alipoajiriwa, tulipanga mwaka kwa mwaka: kupasua, kupakia, kuhamia kilima kingine. Yeye alichora mpango wa miaka mingi, ulioonyesha pa kuanzia, pa kukomea, na nani atarudishiwa nini. Kabla ya baruti kulipuka popote, aliamuru udongo wa juu ubanduliwe, urundikwe kando na kupandwa nyasi ili usife. Waendesha tingatinga walimcheka.

"Mama, unachimba au unazika?"

"Natandika kitanda," alijibu.

Alikuwa na desturi ya kulala chali juu ya ardhi iliyokwisha kufukiwa, kofia ngumu kifuani, macho yamefumbwa. Siku moja Bwana Chirasha wa stoo alidhani amezirai, akammwagia ndoo ya maji huku akimwita Mai, yaani Mama.

"Mai Nyamhunga, u mzima?"

"Nilikuwa mzima na mkavu. Nilikuwa nimefika mwaka ambao ng'ombe wanapita hapa. Umewatawanya wote."

Si kila alichokiota kilikuwa sahihi. Shimo la Kaskazini, la kwanza kufungwa, alilipanda mikaratusi kwa kuwa hukua upesi. Chemchemi ya kijiji ikaanza kukauka. Bibi mmoja, Mbuya Kapondoro, alimfuata hadi ofisini.

"Mwanangu, umetuletea walevi. Wamemaliza pombe, sasa wanalamba mtungi."

Hakubishana. Aliing'oa miti yote, akawauliza wanawake wa kijiji ni nini kilichoota pale zamani, akapanda mizhanje na mihacha, miti ya matunda ya kienyeji. Siku hizi, asubuhi za ukungu, ukisimama pale utasikia watoto wakigombea matunda mahali usipowaona, na huwezi kusema kwa hakika shimo lilikuwa wapi.

Limebaki Shimo la Kusini. Hapo palikuwa malisho ya Mzee Kapondoro, mume wa Mbuya, nasi tuliahidi kuyarudisha. Kwa mpango wa Bi. Ratidzo, uchimbaji unakoma mwaka huu. Lakini chini yake kuna mawe mazuri bado, wanunuzi wanayataka, na wakurugenzi wanafikiria kuendelea kwa miaka kumi zaidi. Aliletewa mpango mpya autie saini. Hakuutia.

Mzee Kapondoro huja getini mara kwa mara.

"Mai, ardhi yangu imeamka?"

"Bado, Baba. Lakini inajigeuza."

"Basi iambie ifanye haraka. Mimi ndiye ninayesinzia sasa."

Bi. Ratidzo, tunakushukuru kwa ardhi uliyokwisha kuirudisha, na kwa kutufundisha kuitazama kwa subira. Ukapumzike vyema nyumbani Murehwa, karanga zako zistawi, na afya isikuache. Wakurugenzi watakutana baada ya mvua. Uamuzi ukitolewa tutakuandikia siku hiyohiyo, hata ukiwa ule ambao tutaona haya kuuandika.